Fungua bushoni ya juu kwanza, dogo

Jana usiku kijana mmoja wa Uvira ameniandikia: "Yaya, nimenunua Land Cruiser ya zamani, fundi anasema mafuta ya ponti haibadilishwagi, ni ya maisha. Ni kweli?" (Ponti ni kile chuma cha chini katikati ya matairi, chenye meno ndani yanayoyazungusha.) Nikacheka, halafu nikakasirika, juu maneno ile ile njo ilinikula dola nyingi.

Wakati ule nilikuwa nabeba bidhaa kati ya Bukavu na Kamituga, na ile barabara wakati wa mvua wote mnaijua. Mafuta ya moteri nilikuwa nabadilisha vizuri, gari naosha, lakini ponti ya nyuma sikuiangalia hata siku moja. Siku ya kurudi, tumepita Mwenga, nikasikia kamlio kadogo kama mtu anasaga mahindi mbali, nikaongeza sauti ya redio (ndiyo, chekeni), kamlio kakawa kilio, halafu paa! Matairi ya nyuma yakakataa. Lori ndiyo ilituvuta.

Kwa garaji wakafungua chini, ikatoka chai ya maziwa. Maji hayo! Na ndani unga wa chuma unang'aa, mwanafunzi wa fundi akasema, "bosi, umeleta zahabu ya Kamituga". Wakacheka wote. Na fundi yule yule aliyeniambia ni ya maisha akanihesabia kurone na pinyo mpya, yale meno makubwa na madogo ya ndani ya ponti, bila haya. Mpaka leo nikipita kwake napiga honi tu, sisimami.

Maji iliingilia wapi? Ponti ikitembea inapata moto, ukiitumbukiza kwa mto baridi hewa ya ndani inanywea inavuta, na kama kale kakofia ka kupumulia, renifla, kamejaa matope, inavuta maji kupitia jwenti, ile mipira ya kuzuia mafuta isivuje.

Basi simamisha gari fasi tambarare (huku Bukavu utatafuta sana), iache ipoe. Bushoni (kizibo cha tundu la mafuta) ya juu KWANZA, ile ya kujazia, juu ikigoma na umeshamwaga ya chini, gari haitoki pale. Ingiza kidole, mafuta iguse ukingo wa chini wa tundu. Ukiona maziwa, mwaga siku hiyo hiyo. Mafuta ya kawaida ni 80W-90 (ndiyo uzito wake) iliyoandikwa GL-5 (ndiyo daraja yake), lakini soma kitabu cha gari yako. Bushoni ya chini ikiwa na sumaku, uji mweusi laini usikutishe, vipande vya jino vikutishe. Wengi wanabadilisha kila kilometa 40.000, ila ukivuka mto maji ikafunika ponti, fungua ukifika nyumbani, hata umechoka namna gani. Na renifla usafishe!

Vijana mnaweka taa kubwa mbele, mnaweka bafle, mafuta ya ponti mnasema bei. Mnataka gari ilishe watoto, basi laleni mgongo chini yake, mchafuke, fundi si mama yako.

Yule wa Uvira amenitumia picha asubuhi hii, kidole na mafuta, safi kabisa. Nikamuuliza, na ponti ya mbele? Bado hajajibu.