Kabla hujataja bei ya boti yako ya uvuvi

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, na mi boti yangu nikaivuta mchangani pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, nikaiacha inapigwa jua, hata turubai sikuweka. Ilivyobaki wiki moja kufunguliwa nikaamua niiuze, nikatangaza milioni 7 pamoja na injini. Akaja mzee mmoja wa Ujiji, hakuuliza hata bei, akainama akaweka jicho kwenye maungio ya mbao, akatulia hivyo muda mrefu alafu akaniita: "Kijana, njoo uangalie, humu mtu anaona mpaka Kongo." Vijana waliokuwa wanashona nyavu pembeni wakaangua kicheko, na milioni 7 yangu ikafia hapo hapo.

Sasa hiyo milioni 7 niliitoa wapi? Nilijumlisha pesa niliyonunulia, matengenezo yote niliyowahi kufanya, na usumbufu wa miaka mitano wa kugombana na vijana kuhusu mgao. Mnunuzi hayo hayamhusu, yeye anapiga hesabu moja tu kichwani, nikitoa hii pesa natakiwa niongeze shi ngapi ndo chombo kiingie majini usiku.

Kwa iyo nikaanza upya. Kwanza niliacha kuuliza boti zinauzwaje, maana ukiuliza hivyo kila mtu anakutajia bei ya mdomo. Nikauliza zilizokwisha kuuzwa zililipwa ngapi, tena nikimuuliza muuzaji namuuliza na mnunuzi, maana mmoja anaongeza chumvi na mwingine anapunguza, ukweli uko katikati. Nikapata tatu za ukubwa kama wa boti yangu, mbili Kibirizi na moja Katonga, bila injini: milioni 2.6, 2.9 na 3.4, na hii ya 3.4 ilikuwa imebadilishwa mbao za chini zote. Nikasema yangu ingekuwa nzima ingesimama kwenye 3. (Hizi ni bei za kwetu kwa kipindi kile, usizibebe kama zilivyo ukaenda nazo mwalo mwingine kama Kalya.)

Ila nzima haikuwa. Nilimlipa fundi anayetengeneza boti aje aikague kama vile ni mimi nanunua, na hii ndo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Alilala chali chini ya boti na kisu kidogo, anachoma pole pole pembeni ya mkuku, ule ubao mkuu wa chini, sehemu ambayo maji ya ndani yanatuama. Ubao mzuri kisu kinagoma. Sehemu mbili kikazama kama kwenye ndizi mbivu. Akanionyesha na misumari, ukiona mbao imeweka weusi kuzunguka msumari ujue umeshaliwa na kutu, kichwa kinaonekana kipo kumbe ndani hamna kitu. Mbao mbili, misumari, pamba ya kukalafati (kuziba maungio) na ufundi, akasema laki 4 na nusu. Nikatoa kwenye 3, ikabaki 2,550,000.

Injini niliipigia hesabu peke yake, na wewe fanya hivyo hivyo, maana boti na injini havizeeki pamoja. Yangu HP 15, inawaka kwa mvuto mmoja, nikajua hapo sina shida. Fundi akafungua skrubu ya oili ya gia, ikatoka nyeupe kama maziwa, maana yake maji yanaingia, sili za kuzuia maji zimechoka. Nzima angeiweka milioni 2.3, akakata laki 1 na nusu. Jumla ikaja 4,700,000. Nyavu na taa usichanganye humo, wanunuzi wengi wanakuja na za kwao watakulalia bure.

Alafu kuna kupaka rangi. Usipake! Mtu wa ziwani akiona rangi mbichi kwenye boti kuukuu anajua kuna kitu kimefichwa. Bora uiloweke majini siku mbili tatu, mbao inywe maji ivimbe ijifunge, ndo mtu aje aone inavuja kiasi gani kweli.

Na angalia mwezi. Dagaa wetu tunawavua kwa taa, kukiwa na mbalamwezi taa haivuti kitu, watu wanalala majumbani na mfukoni hamna hata mia. Aliyekuja kipindi hicho alinipa milioni 4, tena kwa awamu mbili. Nikasubiri. Siku tatu kabla ya kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, walikuja watatu kwa siku moja, nikaanzia 5.1 tukafika 4,750,000 taslimu.

Tuliandikishana mbele ya kiongozi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, namba ya injini ikaandikwa, leseni na karatasi za usajili nikakabidhi pale pale. Nilikuwa nadaiwa laki 3 na mama mmoja anayenunua dagaa, alinikopesha za nyavu, na madeni ya namna hiyo watu wanayahesabu yako kwenye boti. Nilimwita aje, akachukua chake mnunuzi akiona, akasema mbele ya watu hanidai tena, ndo tukasaini.