Maswali na Majibu: Mahindi ya Kwenye Lori

Mbukwenyi. Wiki hii meseji karibu zote ni za mahindi. Nimeokota sita.

Mvua zikiwa za wastani, nipande mahindi? (Chamwino)

Wastani wa wapi? Wa Dodoma ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, msimu mmoja, na Februari mvua hukata bila kuaga. Mahindi yakikutwa yanatoa mbelewele, yale maua ya juu, wiki hizo, umevuna mabua. Mtama hukunja majani ukasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Hili nililijibu mwaka jana, na mwaka juzi. Robo eka ya mahindi ya kuchoma kwa ajili ya watoto, sawa, sigombi.

Mtama ndege wanaumaliza, mbona hilo husemi? (Mpwapwa)

Nalisema leo. Kwelea kwelea ni janga kweli, na zamani watoto ndio waliokaa kwenye dungu kuamia, yaani kufukuza, ndege. Sasa wako shuleni, na huko ndiko wanakotakiwa kuwa. Lakini angalia shamba lako, kaka: mtama wako peke yako, majirani wote mahindi. Unalisha ndege wa kijiji kizima! Kubalianeni mpande wengi, wiki moja, mbegu za muda mfupi, na zamu za kuamia mgawane. Makundi makubwa yakitua mwiteni afisa ugani mapema. Ndege ya kunyunyizia dawa haiji kwa siku moja.

Mwezi wa sita nauza mtama, Januari nanunua mahindi kwa bei mara mbili. Nakosea wapi? (Bahi)

Mama, umeshajijibu. Mavuno yakitoka kila mtu anauza, bei inalala. Januari ghala ni tupu, na lori linalopanda kutoka Rukwa au Songea linakudai mafuta, ushuru na faida ya watu watatu njiani. Hayo yote yako ndani ya debe lako.

Hesabu ninayotumia kwangu ni debe moja la nafaka kwa mtu mzima kwa mwezi. Nyumba ya watu wazima watano ni debe 60, yaani kama gunia 10. Hizo haziuzwi, hata mjomba akija na harusi. Kinachozidi ndicho kipelekwe sokoni, na kipimwe kwa mzani. Anayetaka lumbesa, gunia la kujazia kupita kipimo, mwambie arudi kwao. Tumia mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi, mdudu mtoboa nafaka, yupo nchini tangu miaka ya 1980 na hana mpango wa kuondoka.

Mahindi yangu yana ukungu kidogo tu. Nikichemsha sana? (Kondoa)

Usile. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, haiishi kwa kuchemsha, na Kondoa hamkupaswa kuniuliza: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuku usiwape, pombe usipikie. Mwakani anika juu ya turubai, si chini. Kabla ya kufunga gunia, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha juani.

Vita vya Ukraine vinamhusu nini mpika chapati wa Majengo?

Vinamhusu sana. Hanang wanalima ngano lakini haitoshi, nyingi tunaagiza nje. Vita vilipopandisha bei ya ngano 2022, kila mpika chapati aliliona hilo dukani. Changanya unga wa mtama robo. Ukizidisha, chapati inakatika mkononi, nimejaribu.

Nina zabibu eka mbili. Nihangaike na nafaka ya nini? (Hombolo)

Zabibu haziliwi na mlenda. Usipotaka kulima nafaka, basi fedha ya mavuno ya Agosti na Septemba inunue gunia zako wiki hiyo hiyo, mahindi yakiwa bado ya bei ya chini, kabla hujaiona pikipiki.