Maswali na Majibu: Viti, Meza na Mazungumzo ya Umma

Katika baraza la kata yetu, wanawake hawaulizi maswali. Tufanyeje? (Msomaji, Arua)

Tazameni kwanza wanapoketi. Mabaraza haya, yaliyoanzishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda mwaka 2009, yalikusudiwa kumwezesha mwananchi kuwahoji watumishi wa serikali kuhusu barabara, zahanati na matumizi ya fedha. Lakini mara nyingi viongozi huketi nyuma ya meza kuu iliyotandikwa kitambaa na kupangwa chupa za maji, wanaume hujaza viti vya plastiki vya mbele, na wanawake hubaki mikekani pembeni mwa hema, ambako kipaza sauti hufika muda ukiwa umekwisha. Mama anayetaka kuuliza habari za dawa hulazimika kumkabidhi jirani mtoto, ainuke na kupita katikati ya wanaume huku akitazamwa na kila mtu. Ondoeni meza hiyo, wapangeni watu nusu duara, maofisa wakae kwenye viti kama vya wengine, na kipaza sauti kianzie mikekani.

Je, umbo la ukumbi wa Bunge huchochea malumbano? (Msomaji, Kampala)

Huchangia. Tulirithi desturi ya Uingereza, ambapo serikali hukaa kuumeni kwa Spika na upinzani kushotoni. Ukumbi wa Bunge la London ulipobomolewa kwa mabomu mwaka 1941, Waziri Mkuu Winston Churchill alishikilia mwaka 1943 kwamba ujengwe tena kwa umbo la mstatili, kwa hoja kwamba kuvuka sakafu kwenda upande wa pili ni hatua ambayo mbunge anapaswa kuitafakari sana. Kwa hiyo mgawanyiko ule ulichaguliwa kwa makusudi, na sisi tuna haki kamili ya kuchagua vingine.

Ni kweli kwamba watu waliwahi kubishania meza huku vita vikiendelea? (Msomaji, Gulu)

Ni kweli. Mazungumzo ya Paris kuhusu Vietnam yalikwama kwa wiki kadhaa, kwa kuwa Vietnam Kusini haikutaka waasi wa kusini wahesabiwe kuwa upande unaojitegemea, hadi meza ya duara ilipokubaliwa Januari 1969. Wasomaji wa Gulu wanajua jambo zito zaidi: katika mazungumzo ya Juba, yaliyoanza mwaka 2006, kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA, wajumbe wa waasi hao walimsemea kiongozi wao, Joseph Kony, aliyebaki msituni, akihofia hati ya kukamatwa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Aprili 2008 hakutokea Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan Kusini na Kongo, kutia sahihi mkataba wa amani. Umbali ule nao ulikuwa sehemu ya ukumbi.

Basi duara linatosha? (Msomaji, Jinja)

Halitoshi, kwa kuwa serikali inaweza kuufunga mjadala wenyewe. Midahalo ya ekimeeza, iliyorushwa redioni moja kwa moja watu wakiwa wamekusanyika pamoja, ilipigwa marufuku na serikali Septemba 2009. Mnapopanga viti, idaini pia halmashauri maandishi yanayotaja tarehe na mahali pa baraza lijalo.