Picha ya kinyago mliyoiona

Mdogo wangu, picha nimeiona. Mama Mkubwa kaitupa kwenye grupu la ukoo mara tatu, na nyote mkamwaga makopakopa. Mimi huyo ndani ya suti, na Waafrika wenzangu wa hapa Mexico City, tunamkabidhi mheshimiwa mmoja kinyago cha Kimakonde. Sasa Tanga nzima inajua nakula sahani moja na wakubwa, na wewe umeanza kuulizia nauli.

Suti ni ya kuazima. Mchango wa kinyago ulikuwa peso 400 kila kichwa, kwangu mimi siku moja na nusu ya kusugua masufuria. Mheshimiwa alikaa nasi dakika kumi na moja, nilizihesabu. Na kadi ya ukaazi? Mwaka wa pili huu naambiwa: "Rudi Jumanne."

Kila Jumanne napita mtaa wa Bucareli. Pale katikati ya barabara pana mnara wa mawe wenye saa, wenyeji wanauita Reloj Chino, Saa ya Kichina. Ni zawadi ya mwaka 1910, Mexico ilipoadhimisha miaka 100 tangu vita vya uhuru vianze. Rais alikuwa Porfirio Díaz, mzee wa miaka 80 asiyetaka kung'atuka. Zawadi ilitolewa kwa jina la mfalme wa China, Puyi, naye alikuwa mtoto wa miaka 4, saa yenyewe hajui kuisoma. Huwa nawawaza Wachina waliokuwa wakiishi huku siku zile. Lazima walijiona wamepata mwenyeji.

Miezi minane tu. Mei 1911 wanamapinduzi waliotaka kumng'oa Díaz wakaingia mji wa Torreón, kaskazini, wakishirikiana na watu wa mjini wakawaua Wachina 303. Wajapani watano nao wakauawa kwa kufananishwa. Siku chache baadaye Díaz akajiuzulu, akapanda meli akaenda zake Ulaya. Serikali iliyofuata ikakubali kulipa fidia ya peso milioni 3.1, hazikulipwa. Mwaka 1913 wanajeshi wakapigana humuhumu mjini, mizinga ikaibomoa saa yenyewe.

Hapo ungesema basi, wametia akili. Mwaka 1921 Wachina wa hapa wakaijenga upya! Miaka miwili baadaye jimbo la Sonora likapiga marufuku Mchina kumwoa mwanamke wa Kimexico, na miaka ya 1930 ilipoanza wakafukuzwa, wake zao na watoto wao wakifuatana nao. Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza niliwacheka. Kisha nikakumbuka kile kinyago.

Kwa hiyo usije. Nasema usije, na usiuze kiwanja cha baba kwa ajili ya picha. Kama umeshakiuza (nakujua wewe), usikubali kupitishwa msitu wa Darién, ule wa mpakani mwa Colombia na Panama, hata wakikuapia kwa msahafu. Cheti cha kuzaliwa kigongwe mihuri huko huko, nakala tano, maana nilichokosa mimi ni karatasi moja tu ndiyo inayonizungusha hadi leo. Atakayekwambia anafahamiana na mheshimiwa, mkimbie. Ila ukialikwa kwenye hafla, nenda. Vaa vizuri. Mtu asiyeonekana huku akikamatwa hana hata wa kumuulizia, na siku nilipokamatwa mimi aliyekuja kituoni ni katibu wa chama chetu, yule yule ninayemlalamikia kwa michango. Alikuja na ile picha kwenye simu. Sijui kama ndiyo iliyonitoa. Nilitoka.

Mama usimwambie habari ya kukamatwa. Mwambie kazi nzuri, baridi kidogo.

Jambo la mwisho. Kamati ilikaa juzi: mheshimiwa wetu anaondoka, anaingia mwingine, na mimi ndiye mweka hazina. Ukienda Dar pita Mwenge, uniulizie kinyago cha watu waliobebana, urefu wa mkono hivi. Kiwe mpingo kweli, si mti uliopakwa rangi ya viatu. Ukwaruze kwa chini kabla hujalipa. Hela natuma Ijumaa. Ada ya mtoto nitaituma mwezi ujao, mwalimu mkuu mwombe tu kwa upole.