Saa Tatu Kasoro Kumi

Wiki hii mmeuliza ni kitabu gani tulichowahi kukisoma polepole kuliko vyote. Changu ni The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1926. Kina sura 27, nasi tulikwenda sura moja kwa wiki: tulianza Mfungo Mosi, tukamaliza Mfungo Saba. Nikisema sisi ni mimi na shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa. Kiingereza chake si cha kusomea hadithi, kwa hiyo kila Jumapili baina ya Magharibi na Isha mimi nilishika kitabu nikimfasiria papo hapo, naye akishona kofia, tundu baada ya tundu.

Sura ya tatu ndiyo iliyomnasa. Hercule Poirot, mpelelezi aliyestaafu, amehamia kijijini kulima mamumunye. Yamemchosha, analivurumisha moja juu ya ukuta, nusura limwangukie daktari wa jirani, ambaye ndiye anayetusimulia hadithi. Shangazi alicheka mpaka sindano ikamdunga. Tangu hapo daktari akawa mtu wake. Shangazi amekua na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kwake kila Bwana Msa lazima awe na Najum wake, rafiki wa kuandamana naye. "Huyu ndiye Najum," alisema. Basi, kesi imefungwa. Nani amshuku Najum?

(Anayetaka kukisoma kitabu mwenyewe na aishie hapa.)

Sura ya nne daktari anakula chakula cha usiku kwa tajiri Ackroyd. Barua inaletwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Saa tatu kasoro kumi daktari anamwacha mwenyeji wake, barua bado haijasomwa. Anashika kitasa cha mlango, anageuka, anajiuliza kama kuna alichosahau kufanya. Anapopita getini, kengele ya kanisa inagonga saa tatu.

Hayo yote sikumsomea. Kugeuza saa za Kizungu huku unafasiri ni adhabu: jicho linaona tisa, ulimi useme tatu, na bado kuna kasoro zake. Isitoshe nilikuwa na haraka ya kulifikia jambia la Tunisia lililomuua tajiri. Nikasema, "Wakala, wakazungumza kidogo, daktari akaenda zake." Ikapita.

Miezi ikaenda. Sura ya 26 Poirot anapiga hesabu. Kutoka nyumbani hadi getini ni mwendo wa dakika tano. Daktari ametumia kumi. Tano zilizobaki alikuwa akivaa viatu vya mtu mwingine na kurudi ndani kupitia dirishani. Nilipofika hapo sauti ikanipungua.

Shangazi akaweka kofia chini. "Saa hizo ulinambia lini?"

"Sikukwambia, shangazi."

"Mimi nahesabu matundu ya kofia mpaka macho yaniuma, dakika tano zingalinipita? Yeye kaua, nawe umemfichia."

Sikuwa na la kujitetea. Usiku ule nikairudia sura ya nne peke yangu. Kwenye saa hizo daktari hasemi uongo. Anakupa kasoro ishirini, halafu kwenye sentensi inayofuata anakupa kasoro kumi, na dakika kumi zilizo katikati anaziruka. Tajiri amekufa ndani ya mruko huo. Sura ya mwisho daktari mwenyewe anajisifia ujanja huo, na mimi, Mungu anisamehe, nilimpigia makofi. Wako wasomaji wa zamani zile waliolalamika kwamba Christie amewachezea rafu. Siwaungi mkono. Wao walipewa saa zao zote kwenye karatasi. Aliyechezewa rafu ni shangazi, na aliyemchezea ni mimi, kwa kuruka palepale alipotaka daktari turuke.

Adhabu yangu ni kuanza upya toka sura ya kwanza, neno kwa neno, bila "kidogo" wala "akaenda zake". Safari hii shangazi hashoni. Jumapili iliyopita tulifika tena kwenye mumunye, nami nikangoja kicheko.

"Lilirushwa saa ngapi?" akauliza.

Nikafungua kurasa za nyuma kutafuta.