Deni si jela: kabla ya kumpeleka mtu polisi

Kazi yangu hapa Katuba, Lubumbashi, ni kuwaandikia watu barua na maombi yanayokwenda tribunali. Wengi wanafika na hasira, wanataka fulani afungwe. Ukisikiliza habari yenyewe, ni dola alizokopa shemeji, hajarudisha. Ndugu zangu, hiyo ni kesi ya madai, ya sivili: mmoja anadai, mwingine anajibu, juji anaamua nani alipe nini. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 61, inakataza kumfunga mtu kwa sababu ya deni, hata wakati wa hali ya dharura.

Hata hivyo watu wanakimbilia polisi. Mdeni analala kasho, mama yake anauza vyombo ili mtoto atoke, na pesa ile inaishia njiani. Aliyekopesha anarudi nyumbani mikono mitupu, na undugu umekwisha. Inaniuma kila ninapoiona.

Katika sivili, anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Basi kabla ya kutoa pesa andikeni karatasi: kiasi, tarehe ya kurudisha, sahihi za wote wawili, mashahidi. Fanya hivyo hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mambo ni tofauti kama mtu alikudanganya tangu mwanzo, kwa mfano kukuuzia parseli, yaani kiwanja, isiyo yake. Hilo ni kosa la jinai, linakwenda parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, na pesa yako unaidai humo humo ukiwa parti sivili, yaani aliyeumizwa anayedai fidia ndani ya kesi ya jinai.

Kesi zinazotoa machozi zaidi ni za urithi. Baba anazikwa, na kabla matanga hayajaisha wajomba na mashangazi wanagawana viti. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya mali, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua akiwa hai. Mjane naye ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mumewe. Mama, kama ndoa yenu ni ya kimila tu, nendeni mkaiandikishe komini mzee akiwa bado hai. Mjane asiye na karatasi ya ndoa anapata taabu kubwa mbele ya juji.

Kwa parseli, sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali. Nyumba uliyojenga inakuwa yako kisheria kwa sertifika ya anrejistrema, yaani hati ya umiliki iliyoandikishwa. Fishi ya parseli, yaani karatasi ya maelezo ya kiwanja, na barua ya shefu wa kartie (mtaa) vinasaidia, lakini haviwi sertifika.

Mwenye nyumba ya kukaa asikudai garanti, yaani pesa ya dhamana, ya zaidi ya miezi 3. Na pikipiki ikivunja meza yako ya biashara, aliyekosea anapaswa kulipa hasara. Sheria hiyo ni ya tangu 1888.

Familia, urithi na madai yasiyozidi faranga 2,500,000 yanaanzia tripe, yaani tribunali ya amani. Madai yanayozidi kiasi hicho yanakwenda tribunali kubwa, ya grande instance. Mambo ya mshahara yana tribunali ya kazi. Ukishindwa, una siku 30 za kukata rufaa tangu uisye, mjumbe wa tribunali, akuletee hukumu. Siku hiyo hiyo andika tarehe uliyoipokea nyuma ya karatasi, kisha mtafute avoka, yaani wakili.