Data za hisia kwa simu: usianze kwa kuwachanganya watu wote

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuyamimina majibu ya washiriki wako wote kwenye jedwali moja, kisha upige modeli moja ya mifumo inayobadilika kwa wakati. Umesema walijaza hali ya moyo kwenye simu mara tano kwa siku, wiki mbili. Nakusihi usianzie hapo. Data za namna hii nimezichambua sana hapa Dar, na ndipo tasnifu nyingi huharibikia.

Peter Molenaar, mtafiti wa saikolojia, alilieleza hili mwaka 2004: kinachoonekana baina ya watu si lazima kiwemo ndani ya mtu mmoja. Wenye mazoea ya kukimbia huwa na mapigo ya moyo ya chini wakipumzika, lakini yeyote kati yao akiwa anakimbia, mapigo hupanda. Kwa hiyo chora grafu ya kila mshiriki, uzitazame zote.

Kisha, kwa kila mtu, pima alama ya sasa ya hali ya moyo inaitegemea kiasi gani ile iliyotangulia; namba inayoonyesha utegemezi huo ndiyo naiita kizidishi. Kizidishi kikiwa 0.3, baada ya vipimo vitatu mshtuko, yaani badiliko la ghafla la moyo, umebaki chini ya asilimia 3. Kikiwa 0.8, nusu yake bado ipo. Kuppens na wenzake (2010) walikuta kukwama huko kwenye hisia ileile kumezidi kwa watu wenye sonona.

Shida kubwa ni saa. Kutoka kipimo cha saa tatu usiku hadi cha saa moja asubuhi si sawa na pengo la saa chache kati ya vipimo vya mchana, usiviunganishe. Na jioni? Mtu yuko kwenye daladala ya Mbagala, kabanwa, simu kaificha akihofia vibaka. Hajibu. Pengo hilo si la bahati nasibu, huenda limeangukia palepale moyo ulipo chini. Hata kwa wanaojibu, foleni huwashusha saa ileile kila siku, na mzunguko huo unaweza kukupa kizidishi cha uongo. Ingiza saa ya siku kwenye modeli kabla ya chochote.

Vipimo vyako havizidi 70 kwa mtu. Ni vichache, na mfululizo mfupi hukishusha kizidishi kuliko kilivyo. Tumia modeli ya ngazi mbili: kila mtu na kizidishi chake, huku data za wenzake zikisaidia kukikadiria.

Ile hamu ya kutabiri mtu ataporomoka lini kwenye sonona, kwa kuangalia kizidishi na mtawanyiko wa alama zake vikipanda, iache. Wichers na Groot (2016) waliziona dalili hizo kwa mtu mmoja aliyekuwa akipunguza dawa za sonona, ila walimfuatilia siku 239. Msimamizi wako aking'ang'ania, muombe muda ukusanye upya: washiriki wachache, miezi mingi.